Swichi Chini ya Saa ya Msikiti

Jobeda Khatun hakupenda saa za kununua. Alisema saa ya kununua ikikosea huna wa kumuuliza, lakini saa uliyoitengeneza mwenyewe ikikosea unajua nani wa kumkalisha chini umhoji. Maneno hayo aliyarudia miaka kumi na tisa katika chuo cha ufundi cha wasichana hapa Joypurhat, alikofundisha umeme, na wanafunzi wake waliyazoea kama walivyozoea harufu ya risasi ya kulehemu iliyoganda kwenye ushungi wake.

Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza redio sokoni. Mzee huyo alianza kutetemeka mikono mapema, na kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine, Jobeda alikuwa akimlehemea waya tangu akiwa na miaka tisa, amekaa juu ya kopo la mafuta ya haradali ili aifikie meza. Baadaye akasoma ufundi Bogra, akarudi na cheti, akaolewa na Mofazzal, mwadhini wa msikiti wa mtaa wetu. Mofazzal alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ambayo ukiisikia asubuhi huwezi kusema hukuamshwa. Wakapewa vyumba viwili vilivyoegemea ukuta wa msikiti. Vyumba vilikuwa vya msikiti. Aliye mwadhini ndiye anayekaa humo, na anayeacha kazi huviacha. Humo ndimo walimolea binti yao, Shirin, mpaka akaolewa Naogaon.

Mwaka 2008 macho ya Mofazzal yalianza kufifia, si pembeni bali katikati. Alipomtazama mtu aliona masikio na mabega, uso haupo. Daktari wa Rajshahi alisema ugonjwa uko nyuma ya jicho na miwani haitasaidia. Mofazzal alilificha jambo hilo miezi kadhaa. Siku moja adhuhuri ikachelewa robo saa, kwa sababu mishale ya saa ya ukutani ilikuwa imeyeyuka machoni pake, naye alisimama mbele yake akikisia. Jobeda alimwona kupitia dirisha. Hakumuuliza kitu. Jioni hiyo akatoa mfuko wa vipuri chini ya kitanda.

Saa aliyoitengeneza ilikuwa na kasha la mti wa fenesi na tarakimu nyekundu ndefu kama kiganja, ambazo Mofazzal aliweza kuzisoma kwa pembe ya jicho akisogea karibu. Ndani kulikuwa na chipu ndogo kama ukucha. Katika chipu hiyo Jobeda aliingiza jedwali lote la nyakati za swala, lile la kudumu linaloning'inia ndani ya fremu katika msikiti wetu: kila siku ya mwaka, swala tano. Jedwali limepigiwa hesabu ya Dhaka, mji mkuu, na jua hutufikia sisi wa magharibi baadaye kidogo, kwa hiyo katika kila wakati aliongeza dakika sita, kama mstari wa chini wa jedwali unavyoagiza kwa mji wetu. Kazi hiyo ilichukua majira yote ya baridi. Yeye alisoma kwa sauti, na Mofazzal, aliyekwisha kuhifadhi nyakati nyingi kwa miaka ya kazi, alimsahihisha akiwa amejifunika shali.

"Machi kumi na nne, alasiri, umeruka dakika," alikuwa akimwambia.

"Sijaruka."

"Umeruka. Rudia."

Naye alirudia, na kweli alikuwa ameruka.

Wakati wa swala ulipoingia, saa ililia kengele. Umeme ulipokatika, na ulikatika kila siku, betri ndogo ya saa ya mkononi iliendelea kuhesabu kimyakimya. Haikukosea hata mara moja, mpaka Juni ya mwaka uliofuata.

Mwezi huo serikali ilitangaza kwamba Ijumaa tarehe kumi na tisa, saa tano usiku, nchi nzima isogeze saa mbele kwa saa moja, ili watu watumie mwanga wa jua na umeme uokolewe. Hakuna mtu wa rika letu aliyewahi kusogeza saa isipokuwa ile iliyosimama. Siku hizo kila jambo jipya la serikali liliitwa la dijitali, basi watu wakaiita hiyo saa ya dijitali, na ile waliyozaliwa nayo wakaiita saa ya zamani. Ukialikwa harusini ulipaswa kuuliza ni saa ipi. Na kwa kuwa mtaani kwetu palikuwa na mtu mmoja tu mwenye saa ya dijitali aliyoiunda kwa mikono yake, lawama zilimfikia.

"Dada Jobeda," muuza mboga alimwambia, "ulianza na msikiti, sasa umeiambukiza nchi nzima."

"Ungekuwa mwepesi wa kuambukizwa, ungekuwa umeshajifunza kutumia mizani," Jobeda akamjibu, akachukua biringanya zake.

Ijumaa ile baada ya swala ya isha alimaliza kazi kwa dakika moja. Alibonyeza kitufe, tarakimu zikaruka saa moja mbele, akarudi chumbani.

"Tayari?" Mofazzal aliuliza.

"Kazi ya kubonyeza tu."

Kulipokaribia kucha kengele ililia. Mofazzal akaamka, akatia udhu, akaadhini. Watu wakaja wakijikokota. Wakaswali sunna, wakakaa kumngoja imamu. Imamu Lutfor, mtu mzima asiye na haraka, alifika, akasimama mlangoni, akatazama mashariki. Nyota zilikuwa zote mahali pake. Palikuwa na saa nzima kabla ya alfajiri.

Jobeda alijua kosa lake kabla hajafika kwenye kasha. Jedwali lililokuwa ndani lilihesabu kwa saa ya zamani. Yeye alikuwa ameisogeza saa nzima mbele, lakini nyakati za jedwali zilibaki zilipokuwa. Kwa hiyo tarakimu zilipofika kwenye alfajiri ya jedwali, alfajiri yenyewe ilikuwa bado safarini. Alipounda saa ile alifikiria umeme kukatika, unyevu, mchwa, hata mjusi kuingia ndani. Hakufikiria kwamba saa yenyewe ingeweza kuhamishwa.

Kungekucha salama kama si mama yake Haji Enayet. Haji Enayet alikuwa katibu wa kamati ya msikiti na mwenye duka la mabati na misumari. Mama yake, kizee wa miaka themanini na moja, alisikia adhana, akaswali nyumbani, akalala tena, na jua likamkuta kitandani.

"Mwadhini," Haji Enayet alisema mbele ya watu, "mama yangu hajapitwa na alfajiri tangu nizaliwe. Leo imempita, na aliyempotosha ni wewe."

"Kosa ni letu, Haji. Nitakwenda kumwomba radhi."

"Letu, wewe na nani? Msikiti huu una mwadhini, au una mke wa mwadhini?"

Watu wawili watatu walicheka, kisha wakaona aibu.

Alasiri kamati ikakutana. Imamu Lutfor alimtetea Mofazzal kadiri alivyoweza, na uamuzi ukawa huu: Mofazzal aendelee kuadhini akiongozwa na saa ya mkononi ya imamu. Lakini Ramadhani ilikuwa karibu, na mwezi huo mtaa wote hufungua saumu kwa sauti ya mwadhini. Akikosea mara moja tu ndani ya Ramadhani, hata kwa dakika, ataacha kazi na vyumba.

Mofazzal alirudi na habari hiyo akaiweka mbele ya mkewe bila kuipamba. Jobeda alikuwa ameshaleta kasha la saa nyumbani, lipo mezani limefunuliwa mgongo.

"Nimekosea mimi," alisema. "Nitaitengeneza, na Ramadhani utaadhini kwa saa hii, si kwa mkono wa imamu."

"Una hakika, Mama Shirin?"

"Nimeshaona ilipokosea. Sina wasiwasi nayo tena."

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza saa moja katika kila wakati wa jedwali, yaani siku zote za mwaka mara tano, na siku serikali ikibadili nia, kuipunguza yote tena. Jobeda hakuifikiria zaidi ya muda wa kunywa chai. Njia ya pili ilikuwa kuacha ndani ya saa kama kulivyo.

"Jua halikupata barua ya wizara," alimweleza mumewe huku akifuta vumbi kwenye saketi. "Linazama linapozama. Basi ndani, saa ihesabu kwa saa ya zamani milele, na kengele ilie kwa hesabu ya ndani. Saa mpya nitaivisha usoni tu, pale tarakimu zinapowaka. Ni kama mtu na kanzu ya Idi. Akiivaa, akiivua, ni yule yule."

"Na watu wakitazama wataona saa mpya?"

"Wataona mpya. Kengele haitazami uso."

Aliandika programu upya kwenye kompyuta ya chuo, kati ya kukatika kwa umeme na kurudi, kwa siku tisa. Ya kumi akarudi nyumbani amechangamka, kwa kuwa alikuwa ameongeza jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Serikali ilikuwa imesema saa mpya itadumu mpaka mwisho wa Septemba. Jobeda akaiandika tarehe hiyo ndani ya chipu, ili ikifika, uso wa saa uvue ile saa ya ziada wenyewe, bila mkono wa mtu.

Mofazzal alisikiliza hadi mwisho.

"Nani kakuambia ni mwisho wa Septemba?"

"Gazeti. Redio. Kila mtu."

"Ramadhani inaanza lini?"

"Agosti ishirini na mbili au ishirini na tatu."

"Ipi kati ya hizo?"

"Baba Shirin, watatangaza mwezi ukionekana. Mbona unaniuliza kama mtoto wa madrasa?"

"Basi. Mwezi wa Mungu, ambao haujawahi kuchelewa tangu dunia iumbwe, tunaungoja uonekane, tena utangazwe. Hii saa ya watu wa Dhaka wewe umeshaiandikia siku ya kufa."

Jobeda akacheka mpaka akalazimika kuketi. Hakubishana. Kesho yake alikwenda chuoni akaifuta tarehe, na jioni akapasha chuma cha kulehemu, akafunga swichi ndogo chini ya kasha. Ikiwa juu, uso unaonyesha saa mpya. Ikiwa chini, ya zamani. Juu yake aliacha tone la risasi kama punje ya dengu, ili kidole cha mtu asiyeona vizuri kiipate mara moja.

"Serikali ikitangaza, utaibonyeza wewe mwenyewe," alisema. "Isipotangaza, iache."

Mapema Julai, kwa ruhusa ya imamu, saa ikarudi ukutani. Imamu Lutfor aliilinganisha na saa yake wiki sita nzima bila kumwambia mtu, na hakuona tofauti.

Haji Enayet naye alikuwa na kazi yake. Kwa Ramadhani ile alijitolea kuchapisha karatasi za nyakati za daku na futari, moja kwa kila nyumba, za wino wa kijani, jina la duka lake juu na namba ya simu chini. Alinakili jedwali la Dhaka na kuongeza saa moja kwa mkono wake katika kila siku, siku thelathini, daku na futari, akihakiki mara mbili. Karatasi zilikuwa nzuri. Tulizibandika majumbani kwetu, na jikoni kwa mama yangu ile ya kwetu ilikaa mpaka ikalowa mafuta.

Mwezi ukaonekana, saumu ya kwanza ikawa Jumapili tarehe ishirini na tatu. Mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Kufikia jioni mbingu ilikuwa nzito na nyeusi hata usingeweza kusema jua liko upande gani. Ndani ya msikiti watu walikaa kwa mistari mbele ya sahani za bisi za mchele, dengu, tende na bajia za biringanya, kila mmoja na glasi ya sharbati mbele yake. Upande wa pili wa ukuta, Jobeda alikuwa jikoni kwake, na kupitia tundu za dirisha la hewa alisikia kila neno.

"Mwadhini," ilikuwa sauti ya Haji Enayet, "saa moja na dakika ishirini na tisa. Wakati umeingia."

"Kengele bado, Haji."

"Kengele ni ya mkeo. Karatasi ni ya kamati."

Karatasi zilitolewa mifukoni. Zote zilisema saa moja na dakika ishirini na tisa, na tarakimu nyekundu ukutani nazo zilisema hivyo hivyo. Saa na karatasi vilikubaliana, isipokuwa kengele ilikuwa kimya.

"Imeharibika tena," mtu mmoja alisema.

"Mwadhini, bajia zinapoa," mwingine akaongeza.

"Zikipoa zitaliwa zimepoa," Mofazzal akajibu.

"Unakumbuka tulichokubaliana?" Haji Enayet aliuliza. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, na kwa hiyo mbaya zaidi. "Mara moja tu."

"Nakumbuka. Nikiita kabla ya wakati, nimewaharibia saumu watu wote hawa, na vyumba nitakuwa nimevistahili kuviacha. Nikingoja kidogo, nimewaharibia bajia tu."

Jobeda alikuwa ameshika kijiko juu ya mafuta yanayochemka. Aliisogeza sufuria pembeni. Akilini aliipitia saa yake kama mtu anayepita chumba kwa chumba gizani: hesabu ya ndani sawa, jedwali sawa, swichi haigusi kengele. Hakuona kosa. Basi kosa halikuwa upande wake. Akatazama karatasi ya kijani iliyobandikwa mlangoni kwake. Aliisoma kuanzia juu, jina la duka, siku thelathini, mpaka chini, namba ya simu ya Haji Enayet. Hapo akajua kilichokosekana.

Hakuwa na njia ya kuingia kati ya wanaume wale. Alipanda juu ya kigoda, akaweka mdomo kwenye tundu za dirisha.

"Imamu Lutfor," alisema kwa sauti ya darasani, "naomba usome mstari wa chini wa jedwali la ukutani."

Akatega sikio. Kisha akasikia goti la imamu likilia anaposimama, na shati likisugua kioo cha fremu.

"Nyakati hizi ni za Dhaka na viunga vyake," imamu alisoma polepole. "Bogra, ongeza dakika nne. Joypurhat, ongeza dakika sita."

Karatasi zilisikika zikigeuzwa, watu wakitafuta upande wa pili mstari ambao haukuwapo. Miaka yote mtaa mzima ulijua habari ya dakika sita. Mwaka ule kila mtu alishughulika na ile saa moja kubwa, na zile dakika ndogo zikapita katikati ya miguu yao.

"Haji," imamu alisema kwa upole, "mstari huu kwenye karatasi yako uko wapi?"

"Mchapaji alisema nafasi haitoshi," Haji Enayet akajibu. "Niliutoa ili namba ya simu ipate kukaa."

Wakangoja. Ndizo dakika ndefu kuliko zote za Ramadhani ile, na hakuna aliyegusa glasi. Tarakimu zikafika saa moja na dakika thelathini na tano. Kengele ikalia. Mofazzal akakohoa mara moja, akaenda kwenye kipaza sauti, akaadhini. Jobeda akashuka kwenye kigoda, akavunja tende katikati, akala nusu, na nusu akamwekea mumewe.

Kesho yake asubuhi Haji Enayet alisimama nje ya mlango wao na furushi la karatasi zilizobaki. Hakuingia.

"Dada Jobeda, siku thelathini nimeongeza saa, mstari kwa mstari."

"Najua, Haji. Umeongeza sawasawa."

"Dakika sita zikanipita."

"Mimi Juni nilipitwa na saa nzima," Jobeda alisema. "Wewe umepitwa na dakika sita tu. Umenishinda. Lete kalamu."

Wakaketi, yeye ndani na Haji barazani, wakaandika mstari uliokosekana chini ya kila karatasi iliyobaki, juu ya namba ya simu. Zilizokwisha kugawiwa, Mofazzal alizitangazia kwenye kipaza sauti. Kamati haikukaa tena kuzungumza habari ya mwadhini, na Ramadhani ikaisha bila adhana yake kwenda kombo.

Mwisho wa Septemba ulipofika, serikali ilisema saa mpya itaendelea. Wapo mjini waliokuwa wamekwisha kujiandaa kurudi nyuma, wakababaika siku mbili tatu kati ya saa hizo mbili. Msikitini hakuna aliyegusa kitu. Jobeda alirudi kutoka chuoni, akasimama mbele ya mumewe na mikono kiunoni.

"Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Ulivyotaka kusema tangu Julai."

"Mimi niliuliza tu habari ya mwezi," Mofazzal akasema.

Saa ya ziada iliondolewa usiku wa mwisho wa Desemba. Alfajiri ya Ijumaa, siku ya kwanza ya mwaka, kengele ililia kwa wakati wake barabara, ingawa uso wa saa ulikuwa bado umevaa kanzu ya Idi. Baada ya swala, watu wakiwa bado wamekaa, Mofazzal alisogea ukutani, akapapasa chini ya kasha, akalipata lile tone la risasi, akabonyeza. Tarakimu zikarudi nyuma saa moja. Imamu akatazama saa yake ya mkononi, akatikisa kichwa kukubali.

Ile saa mpya haijarudi tena mpaka leo. Mofazzal bado ndiye mwadhini wetu, na sasa hata tarakimu nyekundu haoni ila kama moshi mwekundu, lakini kengele inamtosha. Mwaka uliofuata Haji Enayet aliagiza saa ya aina hiyo kwa ajili ya duka lake. Jobeda alimuuliza kama anataka swichi chini, maana haina kazi tena.

"Iweke," Haji alisema. "Na dakika zetu sita usizisahau."

"Hizo," Jobeda akamjibu, "ndizo ninazoanza nazo."